Likisimama Ndipo

"Likienda ni shwari, Fundi Barría,"
akasema mzee Mansilla. "Likisimama ndipo."
Akavua kofia ya sufu, akaiminya
kama aliyekuja kuungama dhambi ya mtu mwingine.

Saa mbili asubuhi, Punta Arenas, mwezi wa Juni:
giza lingali limelalia mabati,
na upepo wa huku haubishi hodi,
huingia, huketi, hukuuliza umepika nini.

Pikapu ya buluu, kutu hadi kwenye kope za taa.
Nikamwambia aliingize, aliache lingurume.
Usukani ulitetemeka kama mkono wa mtu
anayetia sahihi karatasi asiyoisoma.
Nikaweka kikombe changu juu ya boneti:
chai ikachora duara ndani ya duara.
Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza.
Cha pili nilikikopea benki, bado nakilipa,
nacho hakizungumzi na magari ya umri huu.

Plagi, basi. Nikachomoa waya wa kwanza:
injini ikachechemea. Nikaurudisha.
Wa pili, ikachechemea.
Wa tatu.
Wa nne, ikataka kuzima kabisa.
Kazi hii imenifunza: silinda inayolia ikiguswa ni nzima;
ya kuogopa ni ile uiondoayo
pengo lisionekane.
Zote nne zililia. Si moto, basi.
Ni pumzi.

"Nahuel, funga mlango!"
Mpwa wangu akausukuma kwa mgongo,
upepo ukabaki nje ukitukana,
na pale, chini ya ngurumo, nyuma kabisa,
nikausikia: mluzi mwembamba,
wa mtu mwenye pengo la jino anayetaja jina la Susana.

Nikapuliza dawa ya kabureta, kidogo kidogo,
huku hakuna, huku hakuna,
huku
injini ikapandisha sauti ghafla,
kama mgonjwa aliyebonyezwa panapouma.

Nikaingiza mkono. Mpira wa hewa, umepasuka,
na juu ya ufa, plasta.
Si ya gereji. Ya hospitali,
imekatwa kwa mkasi, pembe zimeviringwa
ili zisishike nguo.

"Nani alifunga hapa?"
Mansilla akatazama kalenda ukutani, ya mwaka juzi.
"Hortensia. Njia ya Natales, theluji magotini.
Hakukosa mkasi mfukoni, hata harusini.
Akasema, hii itatufikisha nyumbani."
Miaka saba.
Sikuuliza yuko wapi.
Pete ya kike ilikuwa kwenye kidole chake cha mwisho,
haikupita kiungo cha pili.

Sentimita kumi na mbili za mpira mpya,
vibano viwili, peso elfu nne.
Injini ikashuka, ikatulia, ikashusha mabega.
Chai ikanyooka. Karibu inyooke.
Nikakanyaga breki, nikatia gia:
injini ikaruka upande wa kulia,
ikagonga, ikarudi.
"Mpira unaobeba injini nao umekwisha," nikamwambia.
"Mpya hutoka kaskazini kwa lori.
Alhamisi, barabara ikikubali.
Mpaka hapo litatikisika kidogo."
"Kidogo si neno," akasema. "Kidogo nimekizoea."

Kisha akanyoosha kiganja, akangoja.
Nilidhani anataka chenji.
Alitaka ule wa zamani.
Nilikwisha kuutupa kwenye pipa la oili chafu;
Nahuel akazamisha mkono hadi kiwiko,
akautoa unachuruzika, plasta haijabanduka.
Mzee akaukunja ndani ya kofia yake,
akatoka kichwa wazi, mvi zikapeperuka zote upande mmoja.

Kutoka mlangoni nilimwona kwenye taa za kona.
Nyekundu. Akasimama.
Kijani. Bado amesimama,
moshi ukikatwa vipande na upepo.
Wa nyuma akapiga honi,
mara moja, kwa adabu.